Hodi Nyumbani kwa Winifrida

Wenzangu wa meza za maharage hapa sokoni Tunduma, tangu nirudi hamnipi nafasi hata ya kupima kilo moja. Huyu anauliza kama Ulaya kuna vumbi, yule anauliza kama nilimwona mfalme. Nimeanza kuwasimulia mara nyingi, na kila nikifika kwenye mlima Kitonga anatokea mteja wa ng'ambo ya mpaka, mnamkimbilia wote, naachwa mdomo wazi. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, na habari za mfalme zisiulizwe tena kwa sababu sikumwona. Ya pasipoti na viza nayaruka, hayana utamu wowote.

Ruanda

Mnaomfahamu mama yangu mnajua anaitwa Winifrida. Alibatizwa akiwa msichana, siku moja na rafiki zake wawili, na padri akawapa wote watatu jina hilohilo, sijui kwa kumpenda huyo mtakatifu au kwa uvivu wa kutafuta mengine. Wakazeeka pamoja kule Ruanda, kijiji chetu cha Mbozi, mashamba yao ya kahawa yakipakana. Jumuiya ndogo ya kanisa pale kijijini ikaitwa Jumuiya ya Mtakatifu Winifrida kwa ajili yao. Wawili wameshatangulia. Amebaki mama.

Mwaka huu tumeletewa katekista mpya, Simkoko, kijana mwenye bidii mpaka anachosha. Alhamisi moja, baada ya sala, alisimama akasema ameipitia kalenda ya parokia kuanzia Januari mpaka Desemba na Winifrida hayumo. Haijulikani aliishi wapi, haijulikani kama ana kanisa popote duniani. Akashauri jumuiya ichukue jina la mtakatifu anayejulikana. Wengi wakaitikia kwa vichwa, wakakubaliana waamue kabla ya Noeli. Tangu siku hiyo mama, aliyekuwa akiongoza rozari miaka yote, akawa anakaa nyuma karibu na mlango kama mtu aliyepita tu njia.

Mimi iliniuma kuliko alivyoumia yeye, au ndivyo nilivyodhani. Nilitaka kumfuata Simkoko nyumbani kwake nimpe vipande vyake. Bahati yake, wiki hiyohiyo binti yangu Neema, muuguzi kule Wales, alijifungua, akanitaka niende kumwona mjukuu. Wales ni nchi ndogo upande wa magharibi wa Uingereza. Nilipomweleza kwa simu mambo ya bibi yake, Neema akacheka akasema, "Mama, mbona huyo Winifrida ni wa huku? Kisima chake kiko jirani tu na ninapokaa."

Nilikwenda Ruanda nikiwa nakaribia kuruka. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda stoo. Mama amelima kahawa maisha yake yote na haipendi, anakunywa chai. Lakini siku hiyo alichagua punje moja moja, akazikaanga mwenyewe, akatwanga kwenye kinu, akatia kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko na kukifunga kwa kitambaa cheupe.

"Huwezi kwenda kwa somo wangu mikono mitupu," akasema. "Ukifika kwake usiingie kama askari. Piga hodi. Mwambie umetumwa na Winifrida wa Ruanda. Ukiitikiwa, ingia umpe hii."

"Na nisipoitikiwa?"

"Urudi na kahawa yangu. Nitajua kwamba Simkoko anasema kweli."

Nilimwambia, mama, huyo mtu amekufa siku nyingi sana, ataitikaje? Akanitazama kama ananishangaa mimi niliyesoma. "Kazi ya kuitika ni yake," akasema. "Yako ni kupiga hodi."

Tunduma mpaka Kitonga

Niliondoka Tunduma alfajiri kwa basi, kikapu mapajani, maana sikukubali kiwekwe kwenye buti pamoja na magunia ya watu. Mpaka Iringa mambo yalikwenda vizuri. Halafu Kitonga. Lori lilikuwa limelala katikati ya kona, trela upande huu, kichwa upande ule, na magari yamepangana juu na chini ya mlima. Abiria tukashuka. Ndege yangu ilikuwa kesho yake, na nilikuwa nikihesabu saa zilizobaki.

Mbele ya basi letu kulikuwa na lori la Zambia. Dereva wake, mzee mwenye mvi na fulana ya Chipolopolo, timu yao ya taifa, alikuwa ameshawasha jiko pembeni ya tairi na ugali unaiva. Alinitambua kwa kitenge kwamba natoka mpakani.

"Iseni tulye, bamayo," akanikaribisha tule. Nikaketi. Ugali na dagaa, pilipili pembeni. Nawaambieni kweli, sijala chakula kitamu kama kile katika safari nzima, na wasiwasi wote ule.

Harufu ya kahawa ilimfikia. Akaomba tuchemshe kidogo. Nikamwambia si yangu, inakwenda kwa mtakatifu Ulaya, somo wa mama yangu. Nilidhani atanicheka. Badala yake akafuta mikono, akapanda kwenye lori akarudi na pakiti ya sukari.

"Kahawa bila sukari utampaje mtu mzima?" akasema. "Mpelekee na hii tafadhali, mukwai. Mwambie imetoka Nakonde, upande wetu wa mpaka."

Njia ilifunguliwa jua likielekea kuzama. Dereva wetu wa basi aliendesha kama aliyeonewa huruma na malaika, na uwanja wa ndege niliufikia nikiwa nakimbia, viatu mkononi, watu wananipisha. Mlango wa ndege ulifungwa nyuma ya mgongo wangu. Nilicheka peke yangu mpaka dada wa ndege akaniletea maji.

Uwanja wa ndege wa kule

Tulishukia Manchester. Ofisa mmoja aliona kikapu akaniita pembeni. Kiingereza changu mnakijua, ni cha mpakani, kinatosha kuuza gunia na kukataa kuibiwa.

"Hii ni nini?"

"Kahawa."

"Ya biashara?"

"Ya zawadi."

"Kwa nani?"

"Kwa Mtakatifu Winifrida."

Akaniuliza anakaa wapi. Nikamjibu kwamba nasikia ana kisima. Akamwita mwenzake. Wakafungua kitambaa, wakanusa, na harufu ya jiko la mama ikajaa kile chumba chote. Wa pili, mama mtu mzima, akashika mbavu zake kwa mikono akijizuia kucheka, kisha akakifunga kitambaa upya, vizuri kuliko kilivyokuwa. Akaniambia nifikishe na salamu zake.

Dinbych

Neema anakaa mji mdogo wa kilimani uitwao Dinbych. Mjukuu nimempakata mpaka mikono ikafa ganzi, na hayo mnayajua, picha mmeziona. Nawaambia habari za jirani.

Jirani wa Neema ni bibi mmoja anaitwa Eirlys, umri wake kama wa mama. Alipoingia kuniona nilifanya kama tulivyofundwa: nikachuchumaa, nikapiga makofi polepole kumwamkia. Bibi akashtuka. Naye akainama, akaanza kupapasa zulia, akainua mpaka ukingo wake. Tukawa wawili tunatazamana chini pale, mimi naamkia, yeye anatafuta. Neema ndiye aliyetuokoa. Kumbe bibi alidhani nimedondosha hereni.

Tulipendana tangu hapo. Kiingereza hakikuwa lugha yake ya nyumbani wala yangu. Yeye kazaliwa katika Kiwelshi, mimi katika Kinyiha, na wote tunaongea Kiingereza kama watu waliovaa nguo ya kuazima, taratibu isichanike. Alituletea mkate mtamu wa zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai, umepakwa siagi nene. Nikala vipande ambavyo sitataja idadi yake.

Nilipomweleza safari yangu alikunja uso. "Mimi ni mtu wa kapela, kanisa la Kiprotestanti," akasema. "Sisi hatuwasumbui watakatifu. Lakini gari ninalo, na hadithi yake naijua, kila mtoto wa hapa anaijua."

Akanisimulia. Winifrida, ambaye kwa Kiwelshi ni Gwenffrewi, alikuwa binti aliyetaka kumtumikia Mungu. Kijana wa kifalme, Caradog, akamtaka kwa nguvu. Binti akakimbilia kanisani, yule akamfikia akamkata kichwa. Kichwa kilipoangukia pakabubujika maji. Mjomba wake, Beuno, akatoka kanisani, akakirudisha kichwa mahali pake, akaomba, na binti akainuka mzima. Mjomba wa upande wa mama, si mnaona wenyewe? Hata kule mzigo mkubwa anabebeshwa mjomba. Na kila mwaka, akasema Eirlys, Gwenffrewi alimfumia mjomba wake joho, akaliweka juu ya maji, na maji yakampelekea likiwa kavu.

Nilimshika mkono Eirlys nikamwambia, huyu ni wa kwetu kabisa.

Gwytherin

Eirlys alisema kisima kiko Treffynnon, lakini nyumbani kwake hasa, alipoishi na masista wake na kuzikwa kwanza kabla mifupa yake haijahamishwa, ni kijiji cha Gwytherin. Nikasema tuanzie nyumbani. Tukapita milima mitupu yenye kondoo tu. Kila kibao cha njiani kilianza na Llan. Llannefydd. Llansannan. Nikauliza, akasema Llan ni kiwanja cha kanisa, na jina linalofuata ni la mtakatifu wake.

"Sannan alikuwa nani?"

"Hakuna anayejua sana."

"Yumo kwenye kalenda?"

Eirlys alishangaa swali. "Sidhani. Alikuwa mtu wa hapa. Alisali hapa, watu wakaendelea kusali alipokuwa anasalia. Wengi wao ni hivyo." Nchi nzima, wenzangu, imejaa watakatifu ambao cheti chao ni majirani. Nilitamani Simkoko awe amekaa kiti cha nyuma.

Kanisa la Gwytherin liko juu ya kijiji, dogo, la mawe, limezungukwa na miti mizee yenye giza. Mvua ilianza. Nikasimama kwenye geti, nikashika kikapu kwa mikono miwili.

"Hodi," nikaita. "Hodi hapa. Nimetumwa na Winifrida wa Ruanda."

Kimya. Nikaita tena. Nikasubiri. Eirlys alikuja na mwavuli akaniuliza nasubiri nini, geti si liko wazi? Nikamweleza kwamba kwetu huingii uani kwa mtu kabla hujaitikiwa, hata mlango uwe wazi namna gani. Akasema kanisa limefungwa siku nyingi, hakuna anayesali humo tena, nipite tu nikatazame. Nikakataa. Mama alisema nisiingie kama askari.

Tulisimama pale chini ya mwavuli mmoja mpaka viatu vikajaa maji. Nikaita mara ya mwisho, na sauti yangu ikatoka mbovu. Hakuna aliyeitika. Nikamwona mama akilini, akikaa nyuma karibu na mlango siku zake zote zilizobaki. Nikarudi garini na kahawa yangu.

Tukaanza safari ya kurudi. Baadaye Eirlys akauliza, "Na kwenu, mwenye nyumba akiwa shambani? Mgeni anasimama nje mpaka jioni?"

"Hapana. Jirani anamwitikia. Anakuja, anampa kiti, anasema karibu kwa niaba ya mwenyewe."

Eirlys aliongeza mwendo wa vifuta vya kioo.

Treffynnon

Asubuhi ya kwenda Treffynnon niliamka sina hamu. Neema alinifunga skafu kama mtoto, akaniambia bibi atanielewa hata nikirudi na kikapu. Nikakichukua nikatoka.

Kisima kiko chini ya barabara, unashuka. Kwanza kuna kidirisha cha mlinzi, kisha uani kuna bwawa la kuoga, na mbele yake jengo la mawe la zamani, lenye matao, na maji yanabubujika ndani katikati. Watu waliopona hapo wamechora majina yao kutani, mengine ya zamani mpaka yamelika. Mtu asiyekuwepo hawezi kuandikiwa shukrani nyingi namna ile.

Walikuwepo mahujaji wachache: familia moja ya Wahindi na bibi yao kwenye kiti cha magurudumu, na mama mmoja wa Ireland. Mlinzi aliniambia nipite. Nikamshukuru, lakini yeye ni mlinzi, si mwenye nyumba. Nikasimama nje ya matao.

"Hodi," nikaita. "Hodi hapa kwa Winifrida."

Watu wakageuka. Maji yakaendelea kububujika. Nikaita mara ya pili, nikaona aibu, machozi yakaanza kunitoka mbele za wageni. Niliinama nikaanza kukaza kitambaa cha kikapu kwa ajili ya safari ya kurudi.

Ndipo Eirlys alipovua kofia yake. Yeye, mtu wa kapela asiyewasumbua watakatifu. Alinipita, akaingia chini ya matao mpaka kwenye ukingo wa maji, akageuka akanitazama, akasimama wima kama mama mwenye mji.

"Dewch i mewn," akasema kwa Kiwelshi. Kisha akayarudia kwa sauti, mawe yakaitikia. "Dewch i mewn."

Sikuhitaji kutafsiriwa. Niliingia. Nililia na kucheka pamoja, nikapiga magoti kwenye yale mawe yenye maji nikaamkia kwa makofi, na safari hii hakuna aliyetafuta hereni. Nikamsalimia kwa niaba ya mama, na ya wale wawili waliotangulia, nikataja majina ya koo zao ili asiwachanganye. Nikatia miguu majini. Ni ya baridi kama asubuhi za Mbozi mwezi wa saba.

"Alikuwa anaongea Kiwelshi," Eirlys aliniambia baadaye, huku akivaa kofia haraka kama anayeificha. "Na mimi ndiye jirani niliyekuwa karibu."

Sasa kahawa. Mlinzi alisema haruhusu vyakula kuachwa kisimani. Tukatazamana. Kisha akakuna kichwa akasema birika analo. Tukachemsha palepale chumbani kwake, nikatia sukari ya Nakonde bila huruma, na tukaigawa: Wahindi, mama wa Ireland, mlinzi, Eirlys. Bibi wa kwenye kiti cha magurudumu aliomba aongezwe. Walipouliza imetoka wapi nikawaambia, kwa Winifrida. Wakadhani ni jina la duka.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na nilikuwa nimemwambia Eirlys. Kabla ya kuondoka alikijaza kikapu: chupa ya maji ya kisima, na soksi nene za sufu alizofuma mwenyewe. "Sikuwa na muda wa joho," akasema.

Ruanda tena

Njia ya kurudi ilinyooka kiasi cha kukosa la kusimulia. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na Mbozi nzima watu wako shambani. Mama nilimkuta barazani. Hakuniuliza habari za ndege wala za mjukuu. Alikishika kikapu, akakipima uzito.

"Uliitikiwa?"

"Niliitikiwa."

"Na nani?"

"Na jirani yake. Mwenyewe hakuwepo."

Mama aliafiki kwa kichwa, jambo la kawaida hilo. Akafikiri kidogo. "Kwa lugha gani?"

"Kwa lugha yake mwenyewe."

Akanitaka niyaseme hayo maneno. Nikayasema. Akayarudia, nikamsahihisha, akayarudia tena, na siku zilizofuata nilimsikia akiyasema jikoni, akiwa na soksi zake miguuni.

Alhamisi sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwake. Watu walijaa mapema, wakijua jina litaamuliwa siku hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha Simkoko alipofika, kalenda kwapani. Akavua kiatu kimoja mlangoni.

"Hodi humu ndani."

"Dewch i mewn," mama akaitika, na hakuitikia kutoka nyuma. Alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti chake.

Simkoko akasimama na mguu mmoja hewani. Akanitazama mimi, nikatazama dari. "Hodi, bibi," akarudia, maji yakimtiririka shingoni.

"Dewch i mewn."

"Bibi, sielewi. Nimekaribishwa au sijakaribishwa?"

"Umekaribishwa," mama akasema. "Hivyo ndivyo anavyowakaribisha watu huyo uliyesema hayumo. Ukimkubali ingia, usiendelee kulowa."

Simkoko akatazama kalenda yake, akaiegemeza ukutani huko nje, akavua kiatu cha pili akaingia. Jioni ile rozari aliiongoza mama.